Mahindi siku 52 na bado yamedumaa: nikizidisha mbolea yatakimbia? Naomba ushauri wa haraka

Mgeni wa Jilore:
Salaam aleikum wana jukwaa. Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimelazimika kuandika. Baba alifariki mwaka jana, shamba la huku Jilore nje ya Malindi limebaki mikononi mwangu, ekari moja na robo. Nilipanda PH4, mbegu ya mahindi ya huku pwani, tarehe 9 Aprili mvua ya mwaka ilipofungua. Leo tarehe 31 Mei zimetimia siku 52. Nikihesabu majani napata sita, mengine saba. Jirani ananiambia saa hizi mbelewele, yale maua ya kileleni, zingekuwa zinanukia. Mbolea ya kupandia niliweka. Sasa nataka kutia CAN, ile mbolea ya kukuzia, mifuko miwili badala ya mmoja, na ile dawa ya kupulizia majani, ili yakimbie kidogo. Swali langu ni moja tu: mifuko miwili itayaunguza? Usingizi sina.

Mzee wa Marafa:
Wa aleikum salaam mwanangu. Poleni kwa msiba wa baba. Kabla ya mbolea, umeinama ukatazama moyo wa mhindi? Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mimi nilikuwa na ekari tatu zimenawiri. Nikadhani ni kiwavi yule wa bua tuliyemzoea tangu utotoni. Asubuhi moja naona majani yametobolewa madirisha, na ndani ya moyo kumejaa kinyesi kama unga wa mbao uliolowa maji. Nikachambua mmoja mmoja kwa mkono, mimi na mama watoto na wajukuu, tangu alfajiri hadi adhuhuri, kwa siku nne. Tukaokoa nusu. Mhindi uliokwisha liwa moyo hauzai hata ukiupa mifuko kumi. Tazama moyo kwanza.

Mgeni wa Jilore:
Shikamoo mzee, ahsante. Viwavi nimekuta vichache, nimeviua. Shida yangu si wadudu. Ni mbolea.

Kijana wa Watamu:
Ndugu yangu, mhindi si bodaboda ukanyage mafuta uwahi feri. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari watosha. Na usiimwage juu ya majani, chembe zikiingia kwenye moyo zinaunguza. Piga kishimo kando ya shina, fukia, ardhi ikiwa na unyevu.

Mama wa Gede:
Nyote mnazungumza mbolea, hakuna anayezungumza kuvuna. Tafadhali mwanangu, usije ukavuna mabichi ukayarundika ghalani. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kule Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa na unyevu. Sisi wa pwani hewa yetu ina maji muda wote, ndiyo maana mimi sivuni kwa kuangalia ganda peke yake. Ninapukuchua punje katikati ya gunzi, nakwangua kitako chake kwa ukucha. Nikiona doa jeusi, najua punje imefunga, haipokei chakula tena. Hata hapo bado ina maji mengi. Naanika hadi ikiumwa kwa jino inalia ka! Serikali inataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Chakula cha watoto si jambo la kukimbiza.

Bi Shamba, Mpeketoni:
Mgeni, mimi naomba nikuulize kitu kimoja. Haraka ya nini? Mtu anayelima mahindi ya kusaga hana shida yakichelewa wiki mbili, maadamu mvua ipo. Wewe unataka yakimbie yaende wapi?

Mgeni wa Jilore:
Nataka tu yawahi, dada. Kila mtu anapenda mazao yawahi.

Bi Shamba, Mpeketoni:
Hujanijibu.

Mgeni wa Jilore:
Sawa. Nimeshapokea pesa. Mchuuzi wa mahindi ya kuchoma mjini Malindi alinipa shilingi elfu kumi na nane mwezi wa nne, nimpelekee mabichi tarehe 20 Juni. Hesabu niliifanya mwenyewe, siku 72 nikaona zatosha kabisa. Pesa nimemlipia mdogo wangu karo, hazipo. Lakini msinihukumu, sikuwa na njia nyingine, na mchuuzi huyu alimjua baba. Pia mfuko mmoja wa CAN nimeshautia juzi, kwa hiyo hapa naongea habari ya mfuko wa pili, ambao nimeuchukua kwa mkopo na siwezi kuurudisha. Ndiyo sababu niliuliza swali moja tu.

Mama wa Gede:
Ya Rabi. Umeuza kisichozaliwa. Marehemu nyanya yangu alikuwa akisema mahindi yaliyo shambani ni ya Mungu, yakifika uani ndiyo yako.

Nyundo:
Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Hadithi hii imetungwa. PH4 iliyopandwa tarehe 9 Aprili, kwenye joto la Malindi, siku 52, iwe na majani sita? Haiwezekani. Majani sita ni mhindi wa mwezi mmoja. Halafu nimetafuta maandishi yake, wiki iliyopita kwenye uzi wa nyani aliandika mahindi yake "yanafika kifuani". Mhindi wa majani sita unafika gotini. Nani mwenye kifua gotini? Kesho ataweka nambari ya simu achangiwe. Tumeyaona haya.

Kijana wa Watamu:
Nyundo kagonga. Mgeni, jitetee.

Mzee wa Marafa:
Taratibu, vijana. Mtu aliyefiwa haitwi mwongo hivi hivi. Ila hesabu hiyo hata mimi inanitatiza. Mwanangu, sema yote.

Mgeni wa Jilore:
Siombi pesa ya mtu na sitaomba. Mnaniumiza. Nilipanda tarehe 9 Aprili kweli. Mvua ikanyesha siku tano ikakata wiki mbili na zaidi. Mengi yalikauka yakiwa kidole. Tarehe 1 Mei mvua iliporudi nikajaliza mapengo, karibu nusu ya shamba. Sikusema kwa sababu naliona kama shamba moja, mbegu moja. Yanayofika kifuani ni yale ya Aprili. Niliyohesabu majani sita ni ya kando ya njia, ya Mei. Hata hivyo ya Aprili nayo nikihesabu hayazidi manane!

Bi Shamba, Mpeketoni:
Basi Nyundo hakukosea hesabu, alikosea kukuita mwongo. Una mashamba mawili ndani ya shamba moja.

Na hayo manane si manane. Mhindi ukinenepa, majani ya chini kabisa hupasuka na kuoza, ukihesabu yaliyobaki unaupunguzia umri. Fanya hivi kesho alfajiri. Ng'oa mmoja wa Aprili, uchane bua katikati kwa kisu tangu mizizini. Chini utaona vifundo vimebanana. Tafuta pingili ya kwanza iliyorefuka, kama upana wa kidole. Kifundo kilicho juu yake ndicho cha tano, na jani lake ni la tano. Kuanzia hapo panda juu ukihesabu yale tu yenye ukosi, ule mstari mweupe pale jani linapoachana na bua kama ukosi wa kanzu. Lililojikunja moyoni bila ukosi, liache. Kisha fungua moyo wenyewe, utuambie umeona nini.

Mwalimu Mstaafu, Lamu:
Nikazie hapo kwa Bi Shamba. Mahindi hayahesabu siku, yanahesabu joto. Mbegu ya nyanda za juu kule Kitale hukaa shambani hadi miezi sita, kwa kuwa ni ya kuchelewa na baridi inaipunguzia mwendo. Ndiyo maana wataalamu wanasoma mmea wenyewe. Kwa ngano, shayiri na mpunga wapo wanaotumia kipimo cha Mholanzi Zadoks cha mwaka 1974, kinachoanza mbegu ikiwa kavu na kuishia punje zikiwa zimeiva. Mama yangu alilima mpunga Witu bila kipimo hicho na bado alisema "mpunga una mimba" wiki ile ile suke lilipovimba ndani ya ala. Hapo ndipo alipotutuma kujenga ulingo wa kufukuzia ndege. Nakumbuka kombeo langu, na mikono ilivyonuka udongo wa mto.

Mgeni wa Jilore:
Nimetoka shamba sasa hivi. Nimeng'oa mitatu ya Aprili. Ya kwanza ina kosi kumi na mbili, nyingine kumi na mbili, nyingine kumi na moja. Manne ya chini yalikuwa yameshapotea. Nilipofungua moyo nimekuta mbelewele ndani, ndogo, urefu wa kidole changu cha shahada, nyeupe inayoelekea manjano, imelowa, matawi yamelaliana kama vidole vya mtoto aliyelala. Nilikaa chini. Sikujua kama ipo humo muda wote huu. Kwenye kwapa la jani kulikuwa na kigunzi kama ukucha. Ya Mei, kosi sita.

Sasa niambieni ukweli kuhusu tarehe 20.

Bi Shamba, Mpeketoni:
Ukweli ni huu. Ya Aprili yamebakiza majani manne, matano hivi. Kwa joto hili mbelewele itatoka siku kumi hadi kumi na tano. Ndevu zitafuata siku mbili tatu nyuma yake. Toka ndevu hadi punje ya maziwa inayochomeka ni siku 18 hadi 22. Utafika mwanzoni mwa Julai. Ya Mei, wiki tatu baadaye. Hakuna mbolea wala dawa ya majani inayorudisha siku hizo.

Mfuko wa pili usiutie kwa ya Aprili. Uliokwisha tia unayatosha. Tia kidogo kwa ya Mei peke yake, majani sita ndiyo wakati wake hasa, idadi ya mistari ya gunzi inakaribia kuamuliwa. Linda maji zaidi ya mbolea. Wiki mbili kabla ya ndevu na wiki mbili baada yake, ukiona majani yanajikunja asubuhi, azima pampu uvute maji ya mto Sabaki hata usiku. Kila unywele wa ndevu ni punje moja, ukikauka kabla ya kupata unga wa mbelewele punje hiyo haipo.

Nyundo:
Mgeni, nilikuita mwongo mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele yao pia. Mchuuzi mpigie leo, usingoje tarehe 19. Mwambie nusu Julai mosi, nusu karibu na tarehe 22. Yeye anachoma kila siku, yakija kwa mafungu mawili humfaa.

Mgeni wa Jilore:
Nimekusamehe, kaka. Nimempigia mara mbili hajapokea. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitamfuata sokoni mwenyewe, nimechukua na lile bua nililolichana nimwonyeshe. Bi Shamba, nihesabu tena lini?

Bi Shamba, Mpeketoni:
Alhamisi. Chagua mihindi kumi ya Mei katikati ya shamba, si kando ya njia. Funga uzi mwekundu kwenye jani la tano la kila mmoja leo hii kabla halijaoza.