Kombe lenye konokono hai kutoka mwambani Shelly, ufuo wa Likoni Mombasa, ni kweli ana sumu ya kuua?

MamaSwabra_Likoni:
Asalaam aleikum wenzangu, jana maji yalipotoka watoto walienda mwambani hapa Shelly wakarudi na kombe zuri sana, urefu wa kiganja, jeupe lina madoa ya kahawia na mdomo mpana, sasa jirani ashaniambia huyo konokono yaua mtu na mwenyewe bado yumo ndani naona anatoa kimrija. Nimemtia kwa ndoo ya maji ya bahari. Ni kweli? Na nikimshika kule nyuma hakuna shida?

mvuvi_wa_bamvua:
Dadangu usimshike popote!! Hata nyuma, mrija wake wa kudungia wanyumbuka wafika karibu kila upande wa kombe, na jino lake ni chusa kabisa, lina tundu ndani la kupitishia sumu, hata glavu lapenya. Beba ndoo hivyo hivyo umrudishe. Sisi wa pweza twamjua, mchana hujificha mchangani na chini ya mawe, ndo maana kuchokora mashimo kwa mkono hatutaki.

Khalfan_bahari:
Kwa maelezo hayo yaelekea ni Conus geographus, yuko Bahari ya Hindi mpaka Pasifiki na ndiye mbaya kuliko wote wa jamii yake. Chakula chake samaki, usiku anapanua mdomo kama jarife, ule wavu wa samaki, na sumu yake ina insulini, sukari ya samaki yashuka analegea hata hakimbii, anamezwa mzima. Kwa mtu hatari ni kwamba akikudunga mara nyingi huhisi maumivu makali, waona kidonda kidogo tu, halafu midomo yafa ganzi, macho yaona kitu kimoja kama viwili, misuli ya kupumua yalegea. Dawa ya kuua hiyo sumu haipo duniani. Ila kutoka kwa nduguye Conus magus ndo walipata dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, Marekani waliipitisha 2004.

MamaSwabra_Likoni:
Subhanallah. Na akidunga mtoto nifanyeje, nikate ninyonye?

nesi_kisauni:
Usikate usinyonye mamangu. Funga bendeji pana imara kiungo chote, kisitikisike, mtoto asitembee, mkimbize hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia HATA kama haumwi. Pumzi ikikatika mpulizie mdomoni bila kuacha mpaka mfike, sumu huisha yenyewe baada ya masaa, na wakati huo anaweza kuwa anawasikia ila hawezi kusema, basi msikate tamaa.

MamaSwabra_Likoni:
Nimemrudisha na ndoo, shukran sana. Watoto nishawaambia kombe lenye mdudu ni la kuangalia tu.