Hali ya maisha mtu alikotoka inaathiri vipi ustahimilivu wa mwanafunzi wa unasihi?

Nusu_Mnasihi
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho kozi ya unasihi, utafiti wangu unahusu ustahimilivu wa wanasihi walioko mafunzoni, nataka niangalie kama hali ya kiuchumi na ya kijamii mtu alikotoka inachangia. Sasa nimekwama maana kila ninayemuuliza ananipa jibu linalopigana na la mwenzie. Wengine wanasema aliyekulia kwenye dhiki kashakomaa, stori za wateja hazimtikisi, ameona makubwa zaidi. Wengine wanasema huyo ndo ataanguka wa kwanza coz hana pa kuegemea, aliyelelewa kwenye neema ndo ana utulivu wa kukaa na machungu ya mtu mwingine. Mi darasani naona vyote viwili, kuna wenzangu wa maisha magumu wako vizuri mno wakiwa na mteja halafu ghafla unasikia fulani kaahirisha masomo. Nimepanga kutumia skeli ya Connor na Davidson (dodoso la kupima ustahimilivu), kipato cha familia niulize kwa makundi matatu, chini, kati, juu. Mnaonaje, na nadharia ipi inaweza kunibeba?

Mama_Supavaiza
Mwanangu swali zuri ila umelifanya kama ligi, maskini dhidi ya tajiri nani ngangari. Tenganisha kwanza dhiki aliyoipitia mtu utotoni na dhiki anayoishi nayo leo akiwa mwanafunzi, maana hizo hazifanyi kazi moja. Ya zamani inaweza kuwa imeshapata maana, hasa kama kulikuwa na mtu wa kumshika mkono. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai huko Hawaii, na kati ya wale waliokulia kwenye hatari nyingi (umaskini, wazazi wagonjwa, ugomvi nyumbani) kama theluthi moja walikuja kuwa watu wazima walio sawa tu. Kilichowasaidia kikubwa ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa uhakika, awe bibi, mwalimu, yeyote. Kwa hiyo dhiki yenyewe haikomazi mtu, ni uhusiano uliokuwepo ndani ya hiyo dhiki.

Ya leo ni habari nyingine na hapo soma mwanasaikolojia Stevan Hobfoll, nadharia yake ya uhifadhi wa rasilimali ya 1989. Anasema stresi inakuja pale unapopoteza ulichonacho au kinapotishiwa kupotea, na asiye na akiba hasara moja inavuta nyingine. Sasa angalia mafunzo yetu yalivyo, ada juu, saa za wateja mara nyingi hazilipwi, na kozi nyingine zinakutaka uwe na mnasihi wako mwenyewe unayemlipa mwenyewe. Uingereza kozi zinazotambuliwa na BACP (chama cha wanasihi cha huko) zinadai saa zisizopungua 100 na wateja, Marekani kwa viwango vya CACREP (chombo kinachoidhinisha kozi za unasihi) fildi ya mwisho ni saa 600, na 240 kati ya hizo ni za kukaa na wateja. Mwenye kazi ya usiku na mdogo wake anayemtegemea anazitoa wapi? Halafu akiachia njiani tunaandika kwenye ripoti eti ustahimilivu wake mdogo.

kiti_cha_dirishani
Naomba niseme kama mtu wa hilo kundi lako la "chini". Hiyo kauli ya kwamba tumekomaa inaniudhi sana wallahi, maana ndo inayofanya usiulizwe hali. Kwenye kikundi chetu cha usimamizi (supavisheni, pale msimamizi anapopitia nasi kazi zetu na wateja) mwenzangu wa familia inayojiweza alisema nimeelemewa naomba nipunguziwe wateja, akasifiwa anajitambua, anajua mipaka yake. Mi nilijua nikisema hivohivo nitapoteza nafasi ya fildi ambayo niliipata kwa shida na sina wa kunitafutia nyingine, kwa hiyo nikawa natabasamu tu na kila fomu ya kujitathmini najaza alama za juu. Sa we ukija na dodoso lako si ungenikuta mimi ndo shujaa?

Na kitu kingine ambacho hakisemwi, ukiwa wa kwanza kwenye ukoo kusomea haya mambo basi ukirudi nyumbani we ndo mnasihi wa familia nzima, kila ugomvi unaletewa, kila simu ya usiku ni yako, na wakati huohuo unatarajiwa utume hela. Kwa hiyo unatoka kwa mteja unaingia kwa mteja ambaye ni shangazi yako. Siku hazina mwisho.

Ila sikatai kuna faida. Mteja akisema hajui kesho atalala wapi mi sihitaji kuelezewa, na anaona kwenye uso wangu kwamba naelewa. Hatari iko upande wa pili, mteja akija analia kwa jambo ambalo kwetu lingeonekana dogo kuna kisauti ndani kinasema mbona wengine tulivumilia. Hicho kisauti kinahitaji supavisheni, na mara nyingi hakipati kwa sababu msimamizi anadhani mtu wa maisha magumu ana huruma automatiki.

Skeli_na_Kalamu
Mkuu hapo kwa kiti_cha_dirishani ndo utafiti wako ulipo. Ongezea vitu vifuatavyo, naandika harakaharaka niko kazini.

Skeli ya Connor na Davidson ya 2003 ina vipengele 25, kila kimoja 0 mpaka 4, jumla 100. Vipitie kimoja kimoja utaona vingine vinagusa kama mtu ana watu wa karibu na kama anajua pa kukimbilia akielemewa. Sa mtu asiye na pa kukimbilia atapata alama ndogo, we utaandika hana ustahimilivu, wakati ulichopima kwa sehemu ni mazingira yake.

Pili, kuonekana imara na kuwa salama ni vitu viwili. 2015 Gregory Miller, Gene Brody na wenzao walichapisha utafiti wa vijana weusi wa Georgia, Marekani: wale wa familia duni waliokuwa na nidhamu kubwa ya kujitawala walikuwa na sonona kidogo na matatizo machache ya tabia, ila seli zao zilionesha kuzeeka haraka kuliko umri wao. Yani akili inaonekana iko sawa, mwili ndo unalipa. Mtafiti wa afya Sherman James alishaanza kulisema jambo la namna hiyo tangu miaka ya 80, kwamba kupambana sana bila rasilimali kunapandisha presha. Kwa hiyo usiishie kwenye skeli, uliza usingizi, uliza kuumwa, uliza anafanya kazi saa ngapi nje ya masomo.

Tatu, kipato cha makundi matatu hakitoshi. Ongeza elimu ya wazazi, watu wanaomtegemea, na ile ngazi ya MacArthur yenye vidato 10 ambapo mtu anaweka alama anajiona yuko wapi kwenye jamii.

Na kubwa kuliko yote, waliokwishaacha masomo hawamo darasani kwako!! Ukipima waliobaki tu utakuta wa hali ya chini wana alama nzuri, utashangilia kumbe umepima waliopona.

geti_kali
Mi ni wa upande mwingine, nimelelewa ndani ya geti na silalamiki. Utulivu mnaousema upo kweli, sikuwahi kuwaza ada. Lakini kwetu kila tatizo lilikuwa na mtu wa kumpigia simu likaisha, kwa hiyo mteja ambaye shida yake haina mlango wa kutokea ilinivuruga kabisa, nilitaka tu nimpe jibu nijisikie nafuu mimi. Sidhani skeli yoyote ingelikamata hilo, na darasani hakuna aliyeniuliza coz naonekana niko poa.

Nusu_Mnasihi
Aisee asanteni, nimefuta nusu ya andiko. Naacha kulinganisha makundi, nataka niangalie akiba aliyonayo mtu sasa hivi na uhuru wa kusema nimechoka. Swali moja tu, hao walioacha nitawapataje? Chuo hakiwezi kunipa majina.

Mama_Supavaiza
Usiombe majina mwanangu, hawaruhusiwi kukupa na kamati ya maadili itakukatalia. Omba ofisi ya usajili iwatumie wao tangazo lako, anayetaka akutafute mwenyewe. Watakuja wachache, wahoji kwa kina badala ya dodoso. Na usiwapangie saa za mchana, wengi wako kazini.