Nauza nyumba, ukuta wa nyuma una unyevu: nipige lipu na rangi tu, au nianzie wapi?

Tulizo

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, nimechanganywa na maneno ya watu.

Tunataka kuuza nyumba tuliyoishi miaka 17. Watoto wameshatoka, mume wangu magoti yanamsumbua na kupanda ngazi kumekuwa mateso. Nyumba ni imara, ila matengenezo tumeyaacha miaka minne mitano hivi. Ukuta wa chumba cha nyuma una unyevu chini, rangi inabambuka na kuna unga mweupe. Sebuleni kuna ufa umetoka pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari. Mlango wa choo haufungi vizuri, bomba la jikoni linadondosha, rangi ya nje imepauka.

Akiba yetu haitoshi yote. Fundi aliyekuja kutazama anasema tupige lipu mpya ya saruji juu ya ile ya zamani, tupake rangi, mteja hatajua. Shemeji anasema tusiguse kitu, tuuze hivi hivi. Mwingine anashikilia tuvunje jiko lote tuweke makabati mapya. Sitaki kumdhulumu mtu, na sitaki kutupa hela. Nianzie wapi?

FundiUashi

Dada, pole. Huyo fundi usimrudishe kwenye huo ukuta.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yakipita ndani ya tofali huyeyusha chumvi iliyomo, yakifika usoni pa ukuta yanakauka na kuiacha pale. Maana yake maji bado yanapita. Ukiyaziba kwa saruji yatatafuta pengine pa kutokea, mara nyingi juu zaidi ya pale yalipo leo, na rangi mpya itaanza kuvimba. Nimebandua lipu za namna hiyo nyingi sana, na mwenye nyumba kila mara amelipa mara mbili.

Jambo la kwanza ni kujua maji yanatoka wapi, na hilo halihitaji hela. Tazama umbo la doa. Likianzia chini na kukoma kama mita 1 hivi kutoka sakafuni, shuku ardhi. Likishuka kutoka juu, shuku paa au gata. Likiwa sehemu moja tu, mvua au kiangazi, shuku bomba lililozikwa ukutani. Kwa bomba kuna kipimo: funga koki zote za nyumba, andika namba za mita ya maji, kaa saa 2 bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja.

Pia inawezekana ni mvuke wa chumbani tu. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni ngumu, ziba pande zote nne kwa seloteipu, acha siku 2. Matone yakiwa upande wa chumbani, chumba kinakosa hewa. Yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu uko ndani ya ukuta.

Halafu toka nje mvua ikinyesha, simama na mwavuli, angalia maji yanaangukia wapi. Watu wengi hawajawahi kufanya hivi hata mara moja. Na udongo wa nje uwe chini ya lile tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, angalau sentimita 15. Ukiurundika juu yake, umeyapa maji daraja la kuingilia ndani.

Kenchi

FundiUashi kamaliza habari ya maji. Mimi naongelea ufa.

Kwanza pima upana wake. Ulio mwembamba kama unywele kwa kawaida ni lipu iliyokauka na kusinyaa. Hadi milimita 5, mara nyingi ni wa kuziba na kupaka rangi, mradi hauendelei kufunguka. Ukizidi hapo, muite mhandisi kabla ya fundi rangi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa na uandike tarehe. Rudi kila wiki. Ufa uliotulia miaka mingi hauna tatizo kubwa, unaotembea ndio wa kuogopa.

Swali: huo mlango wa choo uko upande uleule wa ufa? Na ulianza kugoma lini? Kama fremu imepinda kwa sababu ukuta umesogea, kuranda mlango hakutasaidia kitu. Kama ni bawaba zimelegea, ni kazi ya nusu saa.

Tulizo

Mlango uko upande mwingine kabisa. Nimeangalia sasa hivi, bawaba ya juu skrubu mbili hazishiki. Ufa mume wangu kaupima, hata milimita 2 haufiki. Alama tumeweka.

DalaliMstaafu

Nimeuza nyumba za watu muda mrefu, niseme ya upande wangu.

Jiko liacheni. Mnunuzi ana ladha yake, anaweza kuvunja makabati yenu wiki ya kwanza, na gharama yake ni nadra kurudi yote kwenye bei. Bomba linalodondosha ndilo la kutengeneza leo. Akiingia jikoni akasikia matone, anaanza kujiuliza mangapi mengine yameachwa, na kuanzia hapo atatafuta kasoro kila chumba. Tengenezeni koki, mlango, vitasa, taa zilizoungua, osheni madirisha, punguzeni vitu vyumbani. Rangi ya nje iwe ya mwisho, kama hela itabaki.

Kuhusu kuficha unyevu: mnunuzi makini huja na mtu wa kukagua, na kipimo cha unyevu ni kidude kinachoshikwa mkononi. Akiugundua mkiwa karibu kutia saini, hatapunguza bei ya ukuta tu, ataacha kuamini kila mlichomwambia. Na sheria hutofautiana nchi na nchi, lakini kasoro iliyofichwa makusudi inaweza kumfikisha muuzaji mahakamani hata baada ya kulipwa. Mwambieni wenyewe, mwonyesheni kilichofanyika na risiti.

La mwisho: makaratasi. Hati ina majina ya nani? Kuna deni la benki? Chumba cha nyuma kilikuwepo tangu mwanzo au mliongeza, na kibali kipo? Mauzo mengi niliyoona yakikwama yalikwama hapa, wakati nyumba yenyewe inang'aa.

Barazani

Mimi niliuza bila kutengeneza, kama anavyosema shemeji, na sijutii. Lakini nilipata kwanza makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili, nikayaweka mezani. Bila karatasi ile mnunuzi hukisia gharama mwenyewe, na hukisia juu.

Tulizo

Narudi baada ya siku 12, mvua ilikuwa kubwa juzi.

Nimesimama nje na mwavuli kama nilivyoambiwa. Bomba la kushusha maji ya gata limeachia kwenye kiungo cha chini, maji yote yanapiga pembe ya chumba kile kile. Na hapo ndipo nilipotengeneza bustani ya maua, nikarundika udongo ukutani kwa mikono yangu. Nailoni ilikuwa na maji nyuma. Mita haikusogea.

Kiungo kimefungwa, udongo tumeuondoa wote. Ufa haujavuka alama. Chumba cha nyuma tuliongeza sisi, na kibali sijakiona kwenye faili. Lipu mpya niweke lini?

FundiUashi

Usiweke sasa. Bandua iliyooza, acha tofali wazi, fungua madirisha. Kukauka ni miezi, si siku. Piga picha kila wiki, mnunuzi aone doa likipungua.

DalaliMstaafu

Na hiyo miezi itumieni kwa kibali. Nendeni ofisi inayotoa vibali vya ujenzi mkaulize utaratibu wa kurasimisha, kabla hamjatangaza nyumba.