Shirika linachangisha kwa jina la Ukerewe: kwa Kiswahili linasema hili, kwa Kijerumani linasema lile

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni mpaka limenishinda. Kuna shirika lisilo la kiserikali linaendesha kampeni ya kuchangisha fedha mtandaoni kwa ajili ya watoto wa visiwa vya Ziwa Victoria. Ukurasa wa kampeni upo kwa lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani. Ukibadilisha lugha unategemea kukuta maneno yaleyale. Huyakuti. Watu wa Ukerewe wanaambiwa lao, Mzungu anaambiwa lake, na hayo anayoambiwa Mzungu ni uongo mtupu juu ya watu ninaowafahamu kwa sura na kwa koo zao.

Jina la shirika silitaji, na mwalo wenyewe, yaani ufukwe wanaposhushia samaki, siutaji, maana nikiutaja nitakuwa nimemwanika yule mtoto mara ya pili. Wanaohusika watajijua.

Nilivyoingia kwenye habari hii ni hivi. Nipo Kirumba, Mwanza, nauza dagaa, kwetu Ukerewe. Kijana mmoja wa ofisi yao ya hapa mjini alinifuata akaniomba niupitie ukurasa wa Kiswahili kabla haujatoka, niangalie kama lugha imekaa vizuri na kama mambo ya kisiwani yameelezwa sawasawa. Nikakubali bila senti. Nikamwomba na kurasa nyingine mbili nilinganishe, akasema hakuna haja, habari ni moja. Zilipotoka zote nikazifungua mwenyewe. Kiingereza nakisoma. Cha Kijerumani nilisomewa kwa simu na mdogo wangu anayeishi Hamburg, sentensi kwa sentensi, na kuna mahali alinyamaza kwanza kabla ya kuendelea.

Naanza na mtoto. Picha kubwa ya kampeni ni ya binti mdogo ameshika ndoo, amesimama kwenye maji ya ziwa. Kiswahili kinasema ni mmoja wa wanafunzi wa awali watakaonufaika na mradi wa maji. Basi. Hakuna jina, hakuna zaidi. Kiingereza kimempa jina, na ni jina lake la kweli, kikataja kijiji chake na kikasema anaumwa kichocho. Kijerumani kimeongeza kwamba ana miaka mitano na kwamba ni yatima, wazazi wake wote wawili walikufa kwenye ajali ya kivuko cha MV Nyerere.

Wakuu, MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na kufika kisiwa cha Ukara ikitokea Bugolora. Walikufa watu zaidi ya 220. Kila ukoo kule una mtu wake pale. Mimi nina watu wangu pale. Sasa nielezeni, mtoto wa miaka mitano leo alizaliwa na nani ikiwa wazazi wake walizama 2018? Yule aliyeandika hakupiga hata hesabu. Alijua anayesoma yuko mbali, hajui kivuko kilizama mwaka gani wala hatauliza. Amechukua msiba wetu, watu waliotolewa majini siku kadhaa huku ndugu wamekaa ufukweni wanasubiri kutambua miili, akaufanya chambo cha kuvutia euro. Na mama wa yule binti yupo hai. Anaanika dagaa. Nanunua mzigo kwake.

Nilimpigia. Nilimuuliza kama anajua picha ya mwanawe imetumikaje. Akasema walikuja wageni na mtu wa shirika, wakaomba kupiga picha "za mradi wa maji", akaweka sahihi kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kuhusu kichocho akasema mtoto alipewa dawa shuleni pamoja na wenzake wote, na huo ndio ugonjwa wenyewe waliouandika. Nilipomwambia la uyatima alikaa kimya kwanza, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo huko nje mimi nimeshakufa?" Sikuwa na la kumjibu.

Kichocho kipo, sikatai. Anayekulia kando ya ziwa hili anakijua, na ndiyo maana watoto wanapewa dawa mashuleni. Ukitaka kuchangisha kwa ajili ya kichocho, sema ukweli wake: konokono wa majini, watoto kuoga na kuchota ufukweni, vyoo vichache kwenye mialo, mtu anakunywa dawa leo na kesho anarudi kwenye maji yaleyale. Habari hiyo inatosha kumfanya mtu mwenye moyo atoe. Haihitaji kuuliwa mzazi wa mtu.

Picha ya pili. Wanaume wamekaa kwenye mchanga, mitumbwi imepandishwa juu, wengine wanashona nyavu. Maelezo ya Kiingereza yanasema ni wanaume waliokata tamaa, hawana kazi, wanashinda wamekaa huku wanawake wakitaabika. Yeyote aliyewahi kuishi mwaloni akiiona ile picha anajua ilipigwa mbalamwezi. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikua taa haivuti kitu, watu wanapandisha mitumbwi, wanarekebisha nyavu, wanalala usingizi waliokosa wiki nzima. Wale ni wavuvi waliotoka kufanya kazi usiku mfululizo. Kwenye ile picha yupo baba mmoja aliyesomesha watoto mpaka chuo kwa mtumbwi huohuo unaoonekana nyuma yake. Leo uso wake unazunguka Ulaya kama sura ya uvivu. Kwenye Kiswahili picha hiyo haipo kabisa. Wameitoa. Mnajua kwa nini wameitoa.

Maji sasa. Kiswahili kinashukuru serikali ya kijiji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) na wananchi "kwa ushirikiano mkubwa". Kiingereza na Kijerumani vinasema kabla yao hapakuwa na mtu yeyote aliyewahi kuwajali watu hawa. Wananchi walichimba mtaro wa bomba kwa mikono yao, walitoa eneo la tangi, na jumuiya ya watumiaji maji ndiyo inayokusanya hela za ndoo na kumlipa fundi. Hayo yote mchangiaji wa nje haambiwi.

Na hela zenyewe. Kwenye kurasa za kigeni mchangiaji anapewa risiti, anapewa namba ya kuulizia, anaahidiwa ripoti. Sisi wa Kiswahili tumewekewa namba ya simu ya kutumia mchango. Nilijaribu kutuma kidogo nione, na kabla ya kuthibitisha likaja jina la mtu binafsi. Siyo jina la shirika, ni la mtu. Kama ni halali, kwa nini wasiweke Lipa Namba yenye jina la shirika kama anavyofanya hata mwenye duka la mtaani? Sehemu ya ripoti ya matumizi ukiibonyeza kwa Kiswahili inafungua ukurasa mtupu. Kwa Kiingereza ripoti ipo.

Nikaandika yote haya, nikawatumia. Niliandika kwa heshima, nikaonyesha kila mahali, nikapendekeza na maneno ya kuweka. Walichofanya ni kuchukua marekebisho yangu ya nukta na tahajia, wakaacha mengine yote, halafu chini ya ukurasa, kwa lugha zote tatu, wakaandika kwamba maudhui "yamehakikiwa na wakazi wa eneo husika". Mkazi mwenyewe ni mimi! Kwa hiyo uongo wa Kijerumani sasa una muhuri wangu. Nimewaandikia waondoe sentensi hiyo. Kijana akanijibu kwamba wachangiaji wa kule "bila kuguswa hawatoi", na kwamba nisiharibu kazi ya watoto.

Hilo la kuguswa nalijibu hapa hapa. Mashirika ya Ulaya yenyewe yalikubaliana tangu 2006 juu ya mwongozo wa picha na ujumbe, wenye msingi wa kulinda utu wa wanaoonyeshwa na kusema ukweli wa mazingira yao. Comic Relief ya Uingereza, inayochangisha mamilioni, ilitangaza mwaka 2020 kwamba haitapeleka tena watu mashuhuri Afrika kupiga zile filamu za huruma, baada ya kulaumiwa miaka mingi. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba hakuna njia nyingine.

Na hapa kwetu sheria zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Jina la mtoto, kijiji chake na ugonjwa wake kubandikwa mtandaoni kwa sahihi ya karatasi ambayo mama hakuweza kuisoma, hiyo siyo ridhaa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekea malalamiko ipo. Kuhusu fedha, kanuni za NGO za 2018 zinataka shirika liweke wazi kwa umma linachopata, kinatoka wapi na kimetumikaje. Umma wa kwanza ni watu wa kile kijiji, na wao wanasoma Kiswahili.

Ninachotaka ni hiki. Picha ya mtoto itoke kwenye kurasa zote leo. Habari ya MV Nyerere ifutwe na familia iombwe radhi uso kwa uso, siyo kwa ujumbe wa simu. Sentensi ya "wakazi" iondolewe. Halafu warudi na kurasa zote tatu, zikiwa zimetafsiriwa neno kwa neno, zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu wasikie wanachosemewa, na mtendaji aandike kwenye muhtasari wamekubali lipi na wamekataa lipi.

NYONGEZA: Naona baadhi yenu kwenye maoni mnasema niwaache wapate hela mradi maji yafike. Ndugu zangu, maji nayataka kuliko nyinyi, ndugu zangu ndio wanaochota. Lakini yule binti atakua, atajua kusoma, atalitafuta jina lake kwenye simu, na atakuta mama yake aliyemlea ameandikwa marehemu. Hapo mtamweleza nini, kwamba lilikuwa bomba?

Aliyeniuliza pa kuanzia: afisa maendeleo ya jamii wa wilaya ndiye anayemwakilisha Msajili wa NGO ngazi hiyo, na barua yangu ipo mezani kwake Nansio. Ya Tume nitaipeleka pamoja na mama mwenyewe, kwa jina lake na kwa hiari yake, ameshakubali. Ninachohitaji kutoka kwenu ni mwanasheria hapa Mwanza anayeweza kutusaidia kuiandika vizuri, na mtu mwingine anayejua Kijerumani aupitie ule ukurasa kabla hawajaubadilisha. Nakala za kurasa zote tatu ninazo, na tarehe zake. Njooni PM.