Bonasi kwa makarani wa ushuru: kuna aliyeipata akaipenda kazi zaidi?

Karani wa Omena: Hamjambo wakuu. Nakusanya ushuru wa soko katika kaunti moja huku pande za ziwa, jina naliacha. Juzi tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa kwamba kuanzia Julai, anayevuka lengo la mwezi ataongezewa kitu juu ya mshahara. Watu walipiga makofi kweli kweli.

Sasa, mwenzangu yuko lango la stendi na magari ya Kisumu hayakatiki. Mimi nimepangiwa upande wa akina mama wa omena na nyanya. Mvua ikianza asubuhi, wanafunika bidhaa kwa karatasi za nailoni, wengine wanarudi nyumbani, na mashine yangu ya risiti haitoi kitu. Lengo letu ni sawa kwa shilingi. Halafu kuna yule mama ambaye hajauza hata gorogoro moja. Siku hizi namwambia atalipa jioni, na hulipa. Bonasi ikiingia kati yetu, sijui kama nitamsubiri.

Kuna aliyewahi kulipwa hivi serikalini? Uliipenda kazi zaidi au mlianza kununiana?

Mwalimu Mstaafu, Busia: Binti yangu, huku Busia na Teso jambo hilo lilijaribiwa kwa walimu mwaka 1998 na 1999. Shule za msingi 50 ziliahidiwa zawadi za walimu kufuatana na matokeo ya mitihani, 50 nyingine zikawa za kulinganishia. Zawadi ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi, si haba. Alama zilipanda katika mitihani ile ile iliyoleta zawadi. Lakini walimu hawakufika shuleni zaidi ya zamani, wala kazi za nyumbani hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kunoa watoto kwa mtihani, na mpango ulipokwisha faida haikudumu. Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi 2019, ni mmoja wa waliouandika utafiti huo. Kwenu kitakachopimwa ni risiti, basi mtaona risiti. Usafi wa soko na choo kilichoziba, hayo hayana bonasi.

Mtu wa Kakamega: Nyinyi mnajadili nyongeza? Sisi mshahara wenyewe ukifika kabla ya tarehe kumi tunapigiana simu.

Afisa Utumishi, Nakuru: Dada Karani, kabla ya kununiana, ombeni barua. Chini ya Kifungu cha 230 cha Katiba, Tume ya Mishahara, SRC, ndiyo hushauri serikali za kaunti kuhusu malipo na marupurupu ya watumishi. Ahadi ya mkutanoni isiyo na ushauri huo wala fungu kwenye bajeti, mkaguzi ataihoji. Pia fomu ya tathmini ina nafasi ya kukubaliana malengo na msimamizi mwanzoni mwa mwaka. Wengi hutia sahihi bila kusoma. Usitie mpaka lengo la upande wako liandikwe kivyake.

Karani wa Omena: Asanteni. Mwalimu, hiyo ya choo umenigusa, chetu kimefungwa tangu Pasaka. Nimeongea na wa stendi, amekubali tuombe kubadilishana vituo kila mwezi. Wa lango la ng'ombe amekataa kata kata.