Utingo wa 606 ya asubuhi: eti "karafuu ina bei kuliko wewe"!

Mwalimu_wa_Wete
Naandika hapa shingo haijarudi mahali pake. Nyote mnaopanda 606 ya asubuhi, gari ya abiria ya hapa Pemba, kutoka Wete kwenda Chake mnamjua utingo ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Huyo huyo. Mswaki mdomoni mpaka saa nne.

Leo nimesali alfajiri, nimetoka mbio, gari nimeikuta tupu, nimekaa dirishani. Nauli nimetoa kabla hajaniomba. Tumefika Limbani, kuna gunia linangoja njiani. Mwenyewe kakaa mbele na dereva. Utingo kalibeba gunia kama bi harusi, kasimama mbele yangu, kasema kwa sauti ya kuadhini: "Inuka mwalimu, karafuu ina bei kuliko wewe."

Karafuu ina bei kuliko wewe! Gari nzima ikanyamaza, kisha ikapasuka kwa kicheko. Na nyuma yangu wamekaa wanafunzi wangu wawili wa kidato cha pili!

Nikainuka. Kusimama kwenye gari zetu mnakujua, si kusimama, ni kurukuu. Nimerukuu kutoka Limbani mpaka Machomanne. Rukuu ndefu kama ile sijaiona hata kwenye tarawehe. Gunia liko dirishani linapunga upepo. Kila kona linanilalia kifuani, na utingo ananiambia, "Lishike mwalimu, lisije likaanguka." Yaani limenitoa kwenye siti, halafu nilee!

Kushuka namwambia nirudishie japo nusu ya nauli. Kapiga bati, "Twende!", mguu wangu mmoja bado uko ndani.

Skuli nimetia saini, nimeingia darasani, ubaoni kumeshaandikwa kwa hati nzuri kabisa: KARAFUU INA BEI. Hati hiyo nimewafundisha mimi!

Mwaka wa nne huu nampa nauli kila siku ya kazi, mvua na jua. Gunia limepanda mara moja tu. Karafuu ina bei kuliko wewe! Mtu mzima! Mbele ya watoto!

Kidagaa_Konde
Yakhe pole, lakini tupige hesabu. Misimu mingi kilo ya daraja la kwanza imenunuliwa 14,000. Gunia la kilo 50 ni 700,000. Wewe una kilo ngapi, na daraja la ngapi?

Mwalimu_wa_Wete
Mimi ni abiria niliyelipa nauli, sikuja hapa kupimwa kwenye mizani!

Bi_Gombani
Mimi huyo utingo alinishusha na ndoo yangu ya samaki, eti inanuka. Siku ya pili kapakia madema mawili ya kuvulia samaki, mabichi yanachuruzika maji. Nikimuuliza ananiambia hayo ni ya shemeji yake.

MpendaTarikh
Mwalimu punguza jazba. Dhoruba ya 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tokea hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao lenyewe. Gunia limekaa dirishani kwa cheo chake.

Mwalimu_wa_Wete
Cheo! Na mikarafuu mwakani nani atawafundisha watoto wenu kuihesabu? Gunia?

Bi_Gombani
Lakini ngojeni kwanza. Kununua karafuu si shirika la serikali linanunua Wete hapo hapo? Sasa gunia la karafuu linatoka Wete kuja Chake kutafuta nini?

Mkaanga_Pweza
Mimi sitii neno. Ila magendo hayapandi 606 mchana kweupe.

Mzee_wa_Wawi
Wanangu, acheni dhana mbaya. Kwa ninavyoona mimi, hizo hazikuwa karafuu. Hayo yatakuwa makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Yanaletwa huku kwetu Wawi, hapa Chake, kiwandani, yatolewe mafuta.

Kidagaa_Konde
Subhanallah. Mwalimu kainuliwa na makonyo.

Mkaanga_Pweza
Ningekuwa mimi ningehama Wete.

Mwalimu_wa_Wete
Kama ni makonyo ndiyo kanidhulumu mara mbili, maana kasema KARAFUU! Nimeambiwa karafuu ina bei kuliko mimi, kumbe hata karafuu yenyewe haikuwamo garini! Nyie mnacheka, nimerukuu kwa vijiti!

Mpemba_Moro
Poleni mlioko nyumbani. Mimi nakaa Morogoro na shughuli zangu nyingi ziko Dar. Tangu Juni 2024 nakwenda na treni ya umeme, tiketi 13,000, chini ya saa mbili nimefika. Tiketi imeandikwa behewa na namba ya siti. Namba ikishakuwa yako, haji mtu akakuinua, wala haji na gunia. Kabla ya hapo basi lilikuwa linanimalizia nusu ya siku. Siku ya kwanza nilikaa roho juu, nangoja kuinuliwa. Mazoea ya 606 hayo.

Mtoto_wa_Malindi
Treni mnatuhadithia sisi? Zanzibar tulikuwa na treni 1905! Forodhani mpaka Bububu, maili saba, imejengwa na Wamarekani, inapita katikati ya vichochoro vya Mji Mkongwe.

Kidagaa_Konde
Na ikafa kabla ya 1930. Tena ilikuwa Unguja. Pemba tulipata nini? Karafuu zetu, treni yenu.

Mtoto_wa_Malindi
Babu yangu akisema hata jina la Bububu limetoka kwenye mlio wa ile treni.

MpendaTarikh
Hapana, shehe. Bububu ilikuwa ikiitwa Bububu treni haijawahi kuonekana. Watu wanasema ni maji ya chemchem yanavyobubujika.

Mtoto_wa_Malindi
Babu yangu unamfanya muongo?

MpendaTarikh
Sijamtaja babu yako, nimetaja chemchem.

Abiria_wa_Mkoani
Nyinyi mnalilia siti ya saa moja. Njooni Mkoani mpande boti kwenda Unguja. Juzi nimekata tiketi, nimekuta siti yangu ina bibi mmoja, mjukuu, na jogoo. Nikamwambia bibi, hii namba yangu. Akanijibu, "Mwanangu, jogoo kashalala." Nimekaa juu ya begi langu bahari nzima.

Bi_Gombani
Sasa bibi ungemfanya nini? Mimi ningempisha.

Abiria_wa_Mkoani
Bibi ningempisha. Jogoo je?

Mwalimu_wa_Wete
Jamani, turudi kwenye mada! Huyu utingo kaniambia karafuu ina bei kuliko mimi!

Mkaanga_Pweza
Mzee wa Wawi, samahani. Hapo kiwandani makonyo wananunua kwa bei gani sasa hivi? Nina gunia mbili nyumbani zinaliwa na panya.

Mzee_wa_Wawi
Yalete tu, mwanangu, watayapima.

Kidagaa_Konde
Panda 606 ya asubuhi. Utingo atayawekea siti.