Tovuti za kununua tayari kwa ajili ya AdSense: ipi kati ya hizi nne inafaa kwa dola 1,500?

Mlango_wa_Pwani (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Lengo ni tovuti iliyokwisha kutengenezwa, iwekewe matangazo ya AdSense, yaani huduma ya Google inayomlipa mwenye tovuti kwa matangazo anayoonyesha. Zilizopo mezani ni hizi:

1. Tovuti mpya ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) kutoka duka la violezo, yaani miundo ya tovuti iliyo tayari, makala 30 ndani, dola 150.
2. Blogu ya Kiingereza ya mimea ya ndani, umri miaka 3, iko Flippa (soko la mtandaoni la tovuti) kwa dola 1,400. Muuzaji anasema inaingiza dola 55 kwa mwezi kutokana na kurasa 14,000 zinazofunguliwa.
3. Domeini (anwani ya tovuti) iliyoachwa na mwenyewe, ina viungo vingi kutoka tovuti nyingine, dola 400.
4. Blogu ya udaku pamoja na akaunti ya AdSense "iliyokubaliwa", 350,000/= kwenye grupu la WhatsApp.

Naomba ulinganisho, hasa pale pesa zinapopotelea.

FundiTrafiki
Mkuu, namba 4 ifute leo. Masharti ya Google hayaruhusu kuuziana akaunti ya AdSense, na jina la mlipwaji linatakiwa lilingane na la akaunti ya benki. Muuzaji akirudisha nenosiri kwa namba yake ya simu, huna pa kulalamikia. Tena ikiwa blogu inaandika habari na matukio na unaiendesha ukiwa Tanzania, kuna suala la leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ambalo grupu la WhatsApp halitakuambia.

Namba 1 unalipia kiolezo ambacho mara nyingi ni cha bure, domeini ya dola 12 hivi, na makala walizouziwa watu wengine pia. Pima hivi: chukua sentensi moja kutoka katikati ya makala, ifunge kwa alama za nukuu, itafute Google. Ikitokea kwenye tovuti nyingine, AdSense wataikataa kwa sababu ya maudhui yasiyo na thamani, na wakiikubali bado hakuna msomaji atakayeletwa na Google.

Namba 3 ilikuwa biashara nzuri zamani. Tarehe 5 Machi 2024 Google walitangaza sera dhidi ya kununua domeini zilizoachwa ili kuvuna sifa zake za zamani kwa maudhui mengine. Ikiwa domeini ilikuwa ya shule ukaiwekea makala za mikopo, umeingia moja kwa moja kwenye sera hiyo. Ifungue kwenye web.archive.org, inayohifadhi nakala za zamani za tovuti, mwaka kwa mwaka. Ukikuta kamari au kurasa za Kichina katikati, achana nayo.

Bi_Hesabu
Inabaki namba 2. Dola 55 ni mapato, faida bado. Toa kwa mwezi hostingi (kompyuta inayohifadhi tovuti) dola 6, domeini dola 1, plagini (programu za nyongeza) za kulipia dola 4: inabaki 44. Dola 1,400 gawanya kwa 44 ni karibu miezi 32. Tovuti ndogo inayotegemea Google peke yake haistahili bei hiyo. Mpe faida ya miezi 24, yaani 24 × 44 = dola 1,056. Kinachobaki kwenye dola 1,500 ni cha makala mpya, maana blogu isiyoandikwa hushuka.

Kisha angalia RPM, yaani mapato kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa: 55 ÷ 14,000 × 1,000 = dola 3.93. Kama wasomaji wengi wako Marekani na Uingereza, namba hiyo inaingia akilini. Kama wengi wanatoka nchi ambazo matangazo hulipa kidogo, uliza kwa nini iko juu hivyo. Jibu mara nyingi ni mibofyo ya kupikwa, ambayo Google huikata baadaye.

Jambo jingine: AdSense hulipa ukifikisha dola 100, kati ya tarehe 21 na 26. Kwa dola 55 utalipwa kila baada ya miezi miwili, na benki itakata ada ya kupokea pesa kutoka nje. Weka hilo kwenye hesabu.

Kitasa_cha_Data
Skrinishoti ya mapato haithibitishi chochote. Mtu anabofya kulia kwenye kivinjari, anachagua Inspect, anafuta 5.50 anaandika 55.00, picha inatoka safi kabisa. Omba simu ya video, aonyeshe skrini, apakie ukurasa upya mbele yako, abadilishe tarehe mwezi mmoja mmoja, halafu afungue ripoti ya kila tovuti. Akaunti moja inaweza kubeba tovuti tano, na hizo dola 55 zikawa za zote.

Muhimu kuliko hilo: akuongeze Search Console (zana ya Google inayoonyesha wageni wanaotoka kwenye utafutaji) kwa ruhusa ya kusoma tu. Data inarudi nyuma miezi 16. Tazama vitu vitatu: ukurasa wa Manual actions (adhabu za Google kwa tovuti) uwe mtupu, mstari wa mibofyo usiwe na shimo baada ya sasisho kubwa la Google, na makala moja isibebe nusu ya wageni wote. Mibofyo kutoka Google ikiwa 1,200 kwa mwezi na yeye anadai kurasa 14,000, wageni wengine wanatoka wapi?

Mlango_wa_Pwani
Shukrani. Namba 2 tayari inaonyesha matangazo. Nikinunua, nahitaji kuomba idhini upya?

FundiTrafiki
Ndiyo. Idhini haiji na tovuti. Unaiongeza kwenye akaunti yako na inakaguliwa upya, siku chache au hata wiki kadhaa. Kwa hiyo usisubiri mpaka pesa zitoke. Lipia kupitia Escrow.com, inayoshikilia pesa mpaka pande zote ziridhike, mkubaliane siku 21 za ukaguzi, muuzaji aweke tagi (kipande cha kodi) ya AdSense yako kwenye kichwa cha tovuti. Ikikataliwa, mpango unavunjika na hela zako zinarudi. Kipengele hiki kiandikwe kwenye makubaliano kabla hujatuma hata senti.

Sarafu_Mbili
Nyongeza ya makabidhiano, maana hapa ndipo wengi huumia hata baada ya kununua kitu kizuri.

Domeini ikihamishiwa akaunti yako ndani ya msajili yuleyule (kampuni inayosajili domeini), inaweza kuwa kazi ya siku moja. Kwenda msajili mwingine huchukua siku 5 hadi 7, na iliyosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita kwa kawaida imefungwa.

Fungua faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti. Mstari uwe na namba yako:
google.com, pub-xxxxxxxxxxxxxxxx, DIRECT, f08c47fec0942fa0
Halafu tafuta "ca-pub-", mwanzo wa namba ya AdSense, kwenye header.php, vijisanduku vya pembeni na plagini za matangazo. Kodi moja ya zamani ikibaki katikati ya makala, tangazo hilo linamlipa yeye, na wewe utabaki kushangaa kwa nini RPM imeshuka.

Futa watumiaji wote wasiojulikana WordPress, badilisha funguo za siri ndani ya wp-config.php ili waliokuwa wameingia watolewe, na hakikisha kiolezo kina leseni. Vya kuibwa mara nyingi huja na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mtu kuingia.

Kwenye Search Console, kumfuta mmiliki wa zamani pekee hakutoshi. Faili lake la uthibitisho, lile linaloanza na "google" na kuishia .html, au rekodi yake ya TXT kwenye DNS (mipangilio ya domeini), likibaki, anaweza kujithibitisha tena.

Bi_Hesabu
Na kama akaunti yako ya AdSense ni mpya: ukifika dola 10 Google hutuma PIN (namba ya kuthibitisha anwani yako) kwa posta. Andika S.L.P. na mji kama posta yako inavyoutambua, kwa kuwa miezi minne ikipita bila kuthibitisha, matangazo huzimwa. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, kabla malipo ya kwanza hayajatoka.